Neno Ambalo Valu Hataki Kuitwa

Valu, mke wa kaka yangu Bhima, aliwahi kummwagia mgeni ndoo nzima ya maji ya kunyweshea nyati wetu wa kufugwa kwa sababu ya neno moja. Mgeni mwenyewe alikuwa mtu wa heshima zake. Alitoka mjini na viatu vyeupe, akakaribishwa kwenye kitanda cha kamba uani kwetu, akapewa chai ya maziwa mazito. Akamtazama Valu akipita, akasema kwa nia njema kabisa, "Aa, kumbe huyu ndiye sinhan mwenyewe!" Valu alikuwa na ndoo mkononi, akammwagia palepale alipokuwa ameketi.

Kaka yangu aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilijificha nyuma ya zizi nikacheka hadi machozi. Lakini Valu hakucheka, na ukijua yaliyompata hutamshangaa.

Mimi ni wifi yake. Mume wangu alifariki mapema nikarudi kwa baba, na tangu hapo Valu na mimi tumekamua pamoja, tumesuka maziwa pamoja, tumegombana na kupatana kuliko nilivyowahi kupatana na mtu mwingine yeyote.

Sinhan ni simba jike. Dume tunamwita savaj. Lakini sisi wachungaji wa Gir, tuliozaliwa humu msituni kati ya miti ya misaji na miiba, tukiwa njiani hatuwataji hivyo. Tunasema "mnyama" basi. "Mnyama yuko bondeni, pitisheni nyati huku juu." Kila mtu anaelewa, hakuna anayedhani unamsema sungura. Kwa hiyo ukilisikia neno sinhan bomani kwetu, mara nyingi halisemwi juu ya simba. Linasemwa juu ya mwanamke. Na likisemwa, itazame mikono ya anayelisema. Utaikuta mitupu.

Mara ya kwanza Valu kuitwa hivyo, alikuwa hajamaliza mwaka kwetu. Masika yalikuwa makali, mto umefurika, na nyati wetu bora, yule aliyejaza ndoo kuliko wote, akazama kwenye tope la ukingoni. Wanaume walisimama juu wakipiga kelele. "Vuta huku!" "Leteni kamba!" "Nani anashuka?" Hakushuka mtu. Valu akafunga upindo wa sketi yake nyeusi kiunoni, akaingia mpaka kifuani, akapitisha kamba chini ya tumbo la nyati. Ndipo wakavuta. Nyati alipotoka, baba yangu, mzee Hardas, alipaza sauti ili watu wote wasikie: "Mwanangu ameniletea sinhan nyumbani!"

Valu aliinamisha uso chini ya shela akatabasamu. Alikuwa msichana, na alikuwa hajawahi kusifiwa na baba mkwe mbele za watu. Mimi mwenyewe nilimwonea wivu.

Basi lile neno likawa mzigo. Maziwa ya kupeleka barabarani kabla jua halijachomoza, nani atabeba? "Mwacheni sinhan wetu abebe." Kuni kutoka upande ule wenye wanyama wengi? "Valu haogopi, huyo ni sinhan." Kaka yangu, ambaye ninampenda lakini siwezi kumsemea uongo, aligundua kwamba mume wa sinhan anaweza kukaa kwenye kitanda cha kamba akavuta sigara yake ya bidi mpaka adhuhuri. Mimba ya kwanza ya Valu iliharibika. Alikuwa amelala kajikunja ukutani, na mama yangu akaja akasimama mlangoni.

"Amka, binti. Nyati hawajikamui."

"Mama, bado natoka damu."

"Wewe si kama hawa wengine. Wewe ni sinhan. Sinhan hulala siku moja tu."

Aliamka. Nilimwona akikamua, paji la uso amelibandika kwenye ubavu wa nyati ili asianguke. Siku ile ndiyo tabasamu lilikwisha. Jioni, tukiosha vyombo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, umeshamwona sinhan wa kweli akila? Anawinda yeye, anajeruhiwa yeye, halafu savaj anatokea vichakani kashiba usingizi, na wote wanampisha aanze. Basi baba yako hakukosea. Hilo ndilo jina langu."

Miaka ikapita hivyo. Wazee wetu walifariki. Valu akapata mtoto mmoja tu aliyeishi, binti, na mimi, kama shangazi, ndiye niliyempa jina, Hetal. Huyo Hetal alilelewa kwa amri moja isiyovunjwa. Akijikwaa akalia, na mtu akamwambia "jikaze, wewe mtoto wa sinhan", Valu alitoka popote alipokuwa. "Nani kasema? Mwache alie. Goti ni lake." Watu walimwona ana kichaa kidogo.

Hetal akaolewa kijiji cha nje ya msitu, kwa watu wa mashamba ya maembe, watu wema. Alipokuwa na mimba ya kwanza akarudi kuzalia kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Ulikuwa wakati wa sikukuu ya Diwali. Wakati huo msitu wetu hugeuka mnada. Magari ya wageni huingia asubuhi na mchana, jipu nyuma ya jipu, kila mgeni na kamera yenye mdomo mrefu kama bomba la maji.

Uchungu ulimshika asubuhi, tukinywa chai. Tulitaka azalie hospitali mjini, kwa sababu mkunga alikuwa ametuonya kwamba mtoto amekaa vibaya. Kaka yangu akaenda mbio kumwita Jusab, mwenye ile pikipiki ya magurudumu matatu inayobeba maziwa. Jusab akaja, tukatandika magodoro nyuma, tukampakia Hetal. Valu akakaa kichwani pake, mimi miguuni. Kaka yangu akakaa mbele kwa dereva.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye ile kona ya barabara inapovuka kijito kikavu. Pale tukakuta jipu zimejaa barabara nzima, za kwenda na za kurudi, zimezima injini. Hapakuwa na njia ya pembeni, huku korongo, huku mawe. Mbele yao, katikati ya barabara, mnyama. Jike na watoto wake, amelala ubavu, watoto wananyonya. Wageni wamesimama juu ya viti, kimya kama watu walio hekaluni.

Mlinzi wa msitu, Karsan, ambaye amekunywa mtindi wetu tangu ameajiriwa, alikuja mbio akiwa ameweka kidole mdomoni. "Zima injini, Jusab! Zima!"

"Nina mgonjwa," Jusab akasema.

"Nimeona. Ngojeni kidogo tu. Akiamka mwenyewe, mtapita."

Valu akainuka. "Karsan, huyu ni Hetal. Umembeba mgongoni huyu. Anazaa. Waambie warudishe magari nyuma."

"Dada yangu, gari la mbele kuna mkubwa. Ametoka mbali, na tangu jana hajaona mnyama. Niambie, mimi nitamrudishaje?"

"Na mimi niliyetoka karibu, nifanyeje?"

Hetal alipiga ukelele. Mwanamke mmoja ndani ya jipu aligeuka, akatutazama kwa hasira, akasema, "Shhh!" Naapa kwa mungu wangu, alimwambia mwanamke anayezaa anyamaze ili asimshtue simba anayenyonyesha.

Tulingoja. Ninaposema tulingoja, sijui niseme vipi mlielewe. Hetal aliniuma mkono, alama ninayo. Kaka yangu alikwenda gari hadi gari amekunja viganja, anabembeleza. Mwingine alimwambia zamu yao imebaki kidogo. Mwingine alimpa chupa ya maji. Madereva wa jipu, watoto wa vijiji vyetu hivihivi, walitazama usukani. Jua likapanda. Mnyama akageuza upande wa pili, na kamera zote zikalia kama panzi.

Valu akachukua fimbo yake. Karsan akamshika mkono, "Valu, ana watoto wadogo, atakuua," naye akaukung'uta mkono ule kama anafukuza nzi. Akapita kati ya magari. Alipofika wazi alipunguza mwendo. Hakukimbia wala hakupayuka. Alitembea kiubavu, akaigonga fimbo chini, akawa anatoa ile sauti yetu ya kooni tunayotoa tukitaka njia, "Hoo... hoo, mama, hoo." Jike akasimama. Akakunja masikio, akanguruma ngurumo ya kwanza ambayo bado ni maneno, haijawa shambulio. Valu akasimama pia, akaangalia pembeni, akangoja, akagonga tena. Mwisho yule jike akamng'ata mtoto mmoja shingoni akamnyanyua, wengine wakamfuata, wakaingia kwenye misaji.

Kila mchungaji anajua kufanya hivyo, ingawa hakuna anayekupa hakikisho kwamba utarudi. Valu aliporudi midomo yake ilikuwa myeupe. Na jipu je, zilitupisha? Ziliwasha injini zote kwa pamoja zikasukumana mbele kumtafuta mnyama alikokwenda. Jusab akashuka na chuma cha tairi, akapiga boneti la mojawapo, ndipo tukapata upenyo.

Mtoto alizaliwa ndani ya ile pikipiki kabla hatujafika mjini. Alikuwa wa kiume, na nywele nyingi. Hakulia. Valu alimpulizia puani, akamsugua mgongo, akampigapiga nyayo, akampulizia tena. Alikuwa bado anampulizia tulipoingia lango la hospitali, na daktari ndiye aliyemtoa mikononi mwake. Daktari alisema kamba ya kitovu ilimkaba. Alisema pia, bila sisi kumuuliza, kwamba tungewahi kidogo tu, angeishi.

Hetal alipona mwili. Muuguzi mmoja alikuja kumfariji, akamwambia, "Jikaze, binti. Mama yako nimeshamwona kwenye simu, ni sinhan kabisa. Nawe uwe hivyohivyo."

Hapo ndipo tulipojua kwamba wale watu walikuwa wamerusha picha. Kabla damu haijakauka kwenye godoro, Valu alikuwa kwenye simu za nchi nzima, fimbo mkononi, uso kwa uso na mnyama. *Sinhan mbele ya sinhan.* Picha ilikatwa vizuri. Pikipiki yetu haionekani.

Valu alimtazama yule muuguzi. "Toka," akasema. Halafu akapanda kitandani kwa mwanawe, akamkumbatia. "Lia, mama. Lia mpaka uchoke. Usijikaze hata kidogo."

Baada ya msiba vikaanza vioja. Kwanza wakubwa wa msitu walituma mtu kutuambia Valu amefanya kosa la kumbughudhi mnyama na anaweza kushtakiwa. Kisha, picha ilivyozidi kupendwa, mtu yuleyule akarudi akitabasamu. Kesi hakuna tena. Kuna sherehe. Mheshimiwa mmoja atakuja mjini, uwanja wa shule, kumvika Valu shali ya heshima mbele ya watu, na kumpa jina la Sinhan wa Gir.

"Siendi," Valu akasema.

Kaka yangu akaanza. "Valu, fikiri. Watu wakubwa hawa. Wanazungumzia kutuhamisha msituni, tukiwa nao vizuri..."

"Wewe ulimwambia nini yule wa gari la mbele? Ulikunja viganja. Alikupa maji. Uliyanywa?"

Alikuwa ameyanywa.

Aliyebadilisha mambo ni Hetal. Tangu hospitali alikuwa hasemi ila "ndiyo" na "hapana". Akasema, "Nenda, mama. Waambie. Nami nitakuja."

Ilikuwa baada ya sikukuu ya kurusha vishada, baridi bado ipo asubuhi. Uwanja ulijaa. Walikuwa wamechora picha ya Valu kubwa kama nyumba, nyuma yake uso wa simba. Mshereheshaji alisimulia yote kwa sauti ya kutetemeka, namna mama huyu jasiri alivyokutana na mnyama ana kwa ana. Kwa nini alikuwa barabarani, hakusema. Mheshimiwa akamvika shali ya hariri, watu wakapiga makofi, na mtu akamsogezea kipaza sauti aseme neno la shukrani.

Valu alikishika kama anashika shingo ya kuku.

"Mmeniita sinhan," akasema. "Nani hapa amewahi kusogea karibu na sinhan akizaa? Hakuna. Hata savaj hathubutu. Yule wa barabarani mlimzimia injini. Mlinyamaza. Mlimwachia barabara nzima ya serikali anyonyeshe watoto wake. Nami sina kisa naye, alitupisha kuliko nyinyi. Nyuma yenu binti yangu alikuwa anazaa, mkamwambia shhh. Mjukuu wangu alikufa. Kama mimi ni sinhan, mbona hamkunipisha? Kama binti yangu ni mtoto wa sinhan, mbona hamkumwogopa?"

Sauti ilimpanda mpaka vipaza sauti vikapiga mluzi. "Msinipe jina la mnyama mnayemheshimu ili mnifanyie mimi mnachotaka! Nipeni heshima yake, jina kaeni nalo!"

Nilidhani wameelewa. Halafu kijana mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Mnasikia sinhan anavyonguruma!" na uwanja mzima ukalipuka kwa makofi na vifijo. Mheshimiwa naye alipiga makofi, anacheka, anatikisa kichwa kwa furaha. Walinyanyua simu zao wakaurekodi ule uchungu.

Nimemwona Valu akikanyagwa na nyati, nimemwona akimzika mama yake. Sijawahi kumwona na uso kama ule. Aliivua shali, akaiangusha chini ya kile kipaza sauti, akashuka ngazi. Hetal alimpokea chini. Kaka yangu, aliyekuwa ameiokota shali akaificha kwenye mfuko, alifika nyumbani akamtandikia mbuzi mgonjwa bila kuambiwa na mtu. Ndiyo pole yake ile. Hakuwa na nyingine.

Msitu hufungiwa wageni masika, na kufunguliwa tena mvua zikikatika. Siku ya ufunguzi mwaka uliofuata, Valu aliniamsha. "Wifi, leo tunachunga barabarani." Alikuwa ameshapita maboma ya jirani, amesema na wanawake. Tulitoka na nyati wote, wetu na wao, tukawapeleka mpaka kwenye ile kona ya kijito. Nyati aliyeshiba akipata vumbi la moto hulala, na akilala hakuna mkubwa wa kumwamsha. Wakalala barabara nzima. Sisi tukaketi katikati yao, tukafungua mikate yetu ya uwele na vitunguu.

Jipu zikaja, zikasimama, zikapiga honi. Karsan akaja mbio. "Valu, jamani! Magari yote haya!"

"Wangoje kidogo tu," Valu akasema, anatafuna. "Nyati wakiamka wenyewe, watapita."

"Kuna wageni wametoka mbali."

"Karibu zao. Waambie wasipige kelele, kuna ndama wananyonya."

Wanawake wakaangua kicheko, lakini kicheko chenye meno. Jua likapanda, wageni wakaanza kulalamika, mwingine akasema ana presha, mwingine anataka choo. Hatimaye afisa mkuu wa msitu akafika na gari lake la kijani. Alikuwa kijana, mpole wa maneno.

"Mama Valu, wewe ni fahari yetu. Wewe ni sinhan wa..."

"Litaje tena," Valu akasema, akasimama na fimbo, "nikulaze kati ya nyati hawa."

Hakulitaja. Alikaa chini, kwenye vumbi, na hilo nilimpendea. Walibishana mpaka adhuhuri. Mwisho akatoa amri mbele yetu na mbele ya madereva wote. Chombo chenye mgonjwa kikitokea, mlinzi apige redio na kila jipu irudi nyuma mpaka penye nafasi, hata kama mnyama anacheza ngoma barabarani. Na dereva atakayekaidi asiingie tena msitu huu. Tukawaamsha nyati.

Amri ile inafuatwa. Mke wa mdogo wake Jusab alipita wakati wa sikukuu ya Holi, na jipu zilirudi kinyumenyume kama kaa. Alizaa salama. Tulipopata habari, Valu alisema "vizuri", akaingia ndani, na hakutoka mpaka nyati walipoanza kulia kwa kutokamuliwa. Nilikamua mimi.

Hetal hakuja kuzalia kwetu tena. Mimba ya pili alihamia mjini mapema, akapata binti, na hakuna aliyemlaumu kwa kuvunja desturi. Valu huenda kumwona kwa basi, na samli kwenye kopo.

Wageni bado wanakuja. Baadhi ya madereva wakituona tunavuka na mifugo huwanong'oneza wageni wao jina lile, na kamera zinageuka. Valu hawapigii kelele siku hizi. Husimamisha nyati palepale, katikati ya barabara, akaanza kuwakagua kwato, mmoja mmoja, bila haraka yoyote, huku mie nikimshikia fimbo.